Masika Yakiisha, Tuchague Njia



Mvua za masika hazikomi kwa siku moja. Hupungua kidogo kidogo, kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini bado amesimama mlangoni akizungumza. Katika milima ya Usambara, siku za mwisho za Mei na majuma ya kwanza ya Juni ndizo za kuaga huko. Asubuhi ukungu hujaa mabondeni, adhuhuri jua hung'aa, jioni hushuka manyunyu mepesi, na usiku baridi ya kipupwe huanza kuingia. Nchi imekoga, majani ni mabichi, vijito vimejaa maji, na vumbi halijapata nafasi yake.

Watu wa nchi za baridi huyangoja majira yao ya kuchipua kwa miezi mingi, ili watoke na mashanta mgongoni kabla njia hazijajaa watu. Sisi hatuna majira hayo, lakini tunayo majuma haya machache yanayofanana nayo. Tena kwa bahati njema huelekeana na likizo ya katikati ya mwaka ya watoto wa shule, wakati wageni wa Julai na Agosti hawajafika kwa wingi. Leo basi napenda tuzungumze juu ya namna ya kuchagua njia ya kutembea kwa miguu, siku tatu hivi, mahali patulivu, pamoja na watu wa nyumbani.

Najua yupo atakayecheka. "Kutembea?" atasema. "Bibi yangu alitembea maisha yake yote na mzigo kichwani, wala hakuna aliyemwambia kwamba yuko likizoni!" Hoja hiyo ni ya haki. Hata leo, mama wa Kishambaa anayeteremka bondeni na tenga la mboga kabla ya mapambazuko hatembei ili aone mandhari. Anatembea kwa sababu soko haliji nyumbani kwake. Lakini mtoto wetu wa mjini, ambaye kwake kabichi hutoka katika meza ya muuzaji na maji hutoka bombani, yafaa ajue kwa miguu yake mwenyewe jinsi mlima ulivyo mrefu kwa mtu anayeubebea mzigo. Nasi wazazi tunayo haja nyingine. Nyumbani baba hurudi usiku, mama amechoka, na kila mtoto ameinamia simu. Njiani hakuna la kufanya ila kuzungumza. Mambo ambayo kijana hayasemi sebuleni mwaka mzima, huyasema akiwa hatua mbili nyuma yako, usipomtazama usoni.

Kwa ajili hiyo twautafuta utulivu. Hata hivyo, neno hilo lina pande mbili, na hapana budi tuzitazame zote. Mahali pasipo na mngurumo wa magari ni mahali pasipo na gari la kumchukua mtoto aliyeteguka kifundo cha mguu. Mahali pasipo na mtu wa kukusumbua ni mahali pasipo na mtu wa kukusikia ukiita. Na majira tunayoyasema, pamoja na uzuri wake wote, ndiyo yenye utelezi na ukungu. Kwa hiyo shauri langu, ambalo mengine yote katika makala haya yanalitumikia, ni hili: tafuta njia ambayo mchana inakupitisha msituni, na jioni inakulaza karibu na watu.

Tuichukue wilaya ya Lushoto kuwa mfano, maana hufikika kwa basi kutoka Tanga, Moshi au Dar es Salaam. Unashuka Mombo, chini ya milima, penye joto la tambarare. Kutoka hapo barabara hupanda kwa kona nyingi, ikipita Soni, hadi mji wa Lushoto, mwendo wa kilometa zipatazo 33. Mji huo, ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal, uko kwenye kimo cha meta zipatazo 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ukifika hapo umekwisha kuuacha ule joto wa Mombo, na njia tatu zitakuita.

Ya kwanza ni ile ya kwenda Irente, ukingoni mwa milima, ambako mtu husimama juu ya mwamba na kuiona Mazinde chini kabisa na nyika iliyotandawaa. Ni mahali pazuri mno, na ndiyo sababu kila mgeni hupelekwa huko. Mtu hutoka mjini asubuhi na kurudi mchana. Usiihesabu kuwa safari yako, bali itumie kuwa mtihani. Siku moja kabla ya kuanza mwendo wenyewe, wapeleke watoto Irente wakiwa na viatu vilevile na mizigo ileile watakayoibeba. Jioni yake utajua ni nani amechubuka kisigino na ni nani aliyetia shantani mawe ya kuchezea.

Ya pili hutoka Soni kuelekea Bumbuli na kufika msitu wa Mazumbai, ulio chini ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hupita kwenye mashamba ya chai na vijiji vyenye migomba mingi, na msitu wenyewe ni wa asili, wenye miti mirefu ambayo si rahisi kuiona pengine. Kwa kimya, huenda hii ikazishinda nyingine zote. Lakini angalia jambo moja. Upande wa mashariki wa milima hii hupokea kwanza pepo zenye unyevu zitokazo baharini, na kwa hiyo hunyeshewa zaidi. Mwanzoni mwa Juni udongo wake mwekundu huwa bado ni kama sabuni iliyolowa. Tena kulala Mazumbai kwahitaji ruhusa iliyoombwa mapema. Iweke njia hii kwa Septemba, au kwa ule ukavu wa Januari na Februari, nayo itakulipa.

Ya tatu ndiyo ninayokuchagulia kwa majuma haya. Hutoka Lushoto, ikapanda katika Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Magamba, ikatokea upande wa Lukozi, ikashika mabonde hadi Rangwi, na mwisho ikafika Mtae, kijiji kilichokaa juu ya ukingo wa kaskazini wa milima. Aghalabu hutembewa kwa siku tatu, saa tano hadi saba za mwendo kila siku kwa mtu mzima. Sababu za kuichagua ni nne.

La kwanza, sehemu ngumu na yenye unyevu zaidi, yaani msitu wa Magamba, huja siku ya kwanza, miguu ikiwa bado na nguvu. Huko miti hufunga anga, na ukitulia utawaona mbega wakiruka matawini. La pili, kadiri unavyoelekea Mtae ndivyo nchi inavyozidi kuwa kavu, hata siku ya mwisho mtelezaji hana kisingizio. La tatu, kila jioni kuna paa juu ya kichwa chako: Lukozi ni mji mdogo wa biashara ya mboga, Rangwi kuna nyumba ya masista ambao kwa miaka mingi wamewapokea wapita njia, na Mtae kuna nyumba za kulala wageni. Peleka taarifa mapema, usije ukabisha hodi na watu sita usiku. La nne, nalo ndilo kubwa kwa mwenye watoto, ni kwamba barabara ya magari itokayo Lushoto kwenda Mtae hupita Lukozi na haiko mbali sana na mwendo wako. Aliyechoka, au aliyeugua, anaweza kuteremshiwa njia ya kutokea. Kabla ya kuikubali njia yoyote, iulize swali hili: nikishindwa hapa katikati, natokea wapi?

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa wengi huchagua njia kwa kupima ramani kwa kidole na kusahau kwamba ramani imelala chini ilhali mlima umesimama. Mwaka 1892 mpanda milima mmoja wa Scotland, William Naismith, alitoa kanuni inayotumika hadi leo. Kwa kila kilometa 5 za mwendo hesabu saa moja, na kwa kila meta 600 za kupanda ongeza saa nyingine moja. Tuseme siku yako ina kilometa 15 na jumla ya meta 900 za kupanda. Kilometa zinakupa saa tatu, kupanda kunakupa saa moja na nusu. Jumla ni saa nne na nusu. Lakini Naismith aliwahesabia watu wazima wenye afya, hakuwahesabia watoto wa darasa la tano katika tope la masika. Ongeza nusu ya hesabu hiyo kwa utelezi, mapumziko na miguu mifupi, nawe unakaribia saa saba.

Ukiondoka saa moja asubuhi utafika saa nane mchana, na mwanga utakuwa umebaki wa kutosha kukausha nguo na kununua mboga. Ukichelewa kunywa chai ukaondoka saa nne, utafika saa kumi na moja jioni, saa ambayo ukungu huanza kupanda na mabondeni kiza hutangulia. Njia ni ileile na watu ni walewale, ila saa tatu za asubuhi zimeifanya kuwa safari nyingine. Kwa hiyo kubalianeni tangu nyumbani juu ya saa ya kugeuka: kama ifikapo saa sita hamjafika nusu ya mwendo, mnashika njia ya kwenda barabarani, bila mabishano na bila kumlaumu aliyechelewesha. Neno hilo lisemwe siku ambayo hakuna aliyechoka, maana aliyechoka hana subira ya kusikiliza, na aliyekwisha kukiona kilele hana masikio.

Tena, msafara huenda kwa hatua ya aliye mdogo. Mweke mbele, nyuma tu ya kiongozi wa njia, wala usimwache mkiani akikimbia kuwafikia wakubwa ambao, kila anapowafikia, wamekwisha kupumzika na wanaondoka. Mwenda pole hajikwai, nasi tunataka watoto wasiojikwaa.

Juu ya huyo kiongozi, usione gharama. Chukua mwenyeji anayetambuliwa, mpatane malipo kabla ya kuanza, na umwulize njia ipi imeporomoka katika masika ya mwaka huu. Ramani haitakujibu swali hilo, wala simu, ambayo mabondeni mara nyingi hukosa mawasiliano. Mulize pia siku za magulio ya vijiji mtakavyopita. Asubuhi ya siku ya gulio njia hujaa watu na mizigo. Anayetaka kimya aiepuke siku hiyo, na anayetaka kuwaonyesha wanawe jasho la chakula chao aichague makusudi. Viingilio vya hifadhi navyo viulizwe kabla, vilipwe, na stakabadhi itunzwe.

Mzigo usizidi sehemu ya tano ya uzito wa mbebaji. Mtu wa kilo 60 asibebe zaidi ya kilo 12, na mtoto abebe chini ya hapo: nguo zake, maji yake na kitu kimoja akipendacho. Maadamu mnalala nyumbani kwa watu, hema halihitajiki. Vitu visivyosahaulika ni koti la mvua, tochi kwa kila mtu, kisu, bendeji na plasta za malengelenge, chumvi za kuongeza maji mwilini, dawa za mwenye maradhi yake, na seti moja ya nguo kavu iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki usiopenya maji. Nguo hizo hazivaliwi njiani hata mvua inyeshe vipi. Ni za jioni.

Nasisitiza habari ya nguo kwa kuwa watu wa pwani hawaamini baridi mpaka iwashike. Usiku wa Juni katika sehemu za juu za Usambara kipimo huweza kushuka hadi nyuzi 10 za Selsiasi au chini yake, na mtoto aliyelowa hupoteza joto upesi kuliko mtu mzima. Akianza kutetemeka, kunyamaza na kusema maneno yasiyoeleweka, msafara usimame papo hapo: avuliwe nguo mbichi, avalishwe kavu, afunikwe, apewe kinywaji cha moto chenye sukari kama anaweza kumeza, kisha atafutiwe msaada. Fulana ya pamba ikilowa hubaki baridi mwilini. Sufu hutia joto hata ikiwa na unyevu. Pita kwenye mitumba utafute sweta la sufu kwa kila mtu, wala usijali rangi yake.

Maji ya milimani hudanganya kwa uzuri wake. Kijito ni cheupe, kinaimba, nawe una kiu. Lakini juu yake kuna bustani za kabichi na nyanya, na bustani hizo hupigwa dawa za wadudu. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi sumu ya dawa. Teka maji kwenye bomba au chemchemi wanayoitumia wanakijiji wenyewe, kisha uyachemshe. Na kijito kilichovimba baada ya mvua usikivuke kikiwa kimepita magoti ya mtoto. Vijito vya mlimani hupanda ghafla na kushuka upesi. Kaa chini, kula muhogo wako, ungoje.

Limebaki jambo la adabu, nalo nisingependa lionekane la mwisho kwa thamani. Njia unayoiita ya utulivu ni barabara ya mtu kwenda shambani, kanisani, msikitini na kisimani. Yale matuta yanayoshikilia udongo mteremkoni, usiyakate kwa kuvuka upesi. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha wakulima wa milima hii kulima matuta, nao wakapinga kwa nguvu. Yaliyopo leo mashambani yamegharimu migongo ya watu, na kisigino kimoja huweza kufungua mfereji wa mmomonyoko. Salimia kila unayekutana naye, mkubwa kwanza, na watoto wako wajifunze maneno mawili matatu ya Kishambaa kutoka kwa kiongozi wenu. Usimpige mtu picha kabla hujamwomba. Usiwashe moto msituni. Takataka zako zirudi nawe hadi mjini.

Masimulizi ya kale ya Usambara, yaliyoandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy katika kitabu cha Habari za Wakilindi, yanamtaja Mbegha, mwindaji aliyetoka Nguu na kuingia milimani kwa miguu. Hakuingia mikono mitupu: aliwinda nguruwe mwitu waliokuwa wakiharibu mazao, akagawa nyama kwa wenyeji, nao wakampenda hata wakamfanya mtawala wao. Wewe hutafutiwa kiti cha enzi, lakini funzo ni lilelile. Nunua viazi vyako kijijini, usivibebe kutoka mjini. Kama una daftari na kalamu za ziada, ziache kwa mwalimu wa shule, usizigawe njiani kwa watoto wanaokimbia nyuma yako, ukawafundisha kuombaomba.

Ukifika Mtae, panda ukingoni mapema asubuhi. Chini utaiona tambarare ya Mkomazi, mbele milima ya Upare, na siku ikiwa safi, Kilimanjaro mbali kabisa. Kule Kilimanjaro makumi ya maelfu ya watu hupanda kila mwaka, kila mmoja akikitafuta kilele. Hapo Mtae huenda ukawa wewe, watoto wako, na mzee mmoja anayepeleka mbuzi malishoni. Mabasi ya kurudi Lushoto aghalabu huondoka alfajiri. Basi kaa siku moja zaidi upumzike, na uulize saa ya basi tangu jioni.

Kabla ya yote hayo, jioni ya leo, tandika ramani mezani na uwaite wote. Mwache aliye mdogo aonyeshe kwa kidole mahali anapofikiri atachoka, na hapo ndipo pa kuweka kituo. Kisha andika katika karatasi majina ya vijiji mtakavyolala, siku ya kwenda na siku ya kurudi, na jina la kiongozi wenu, umpe jirani unayemwamini. Mwambie: tusiporudi siku hii, uliza.

Nakutakia mwendo mwema na njia kavu. Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.